Pleya ya santuri kutoka Kanada inalia kizito, jazi imekuwa matanga. Naanzia wapi kuiboresha?

Hurumzi_Juu
Asalaam aleykum wakubwa na wadogo. Mie si fundi, mie mpenzi tu wa jazi, na niseme mapema jazi ninayoisema hapa ni ile ya Marekani ya tarumbeta na saksafoni, sio Morogoro Jazz, maana kila nikitaja jazi barazani kuna mzee mmoja ananianzishia Mbaraka Mwinshehe na hanyamazi mpaka kahawa iishe (na simlaumu).

Iko hivi. Mjomba wangu kaishi Toronto miaka mingi, mwaka jana kaleta kontena, ndani magodoro, baskeli, friji bovu, na alhamdulillahi pleya yake ya zamani ya santuri, ya mkanda, na amplifaya na spika mbili za mbao na boksi la santuri arubaini na kitu. Miles Davis, Coltrane, Brubeck, Art Blakey, mpaka Herbie Hancock. Kanambia chukua wewe, wanangu wanasikiliza simu. Nkachukua, nkapandisha ghorofa ya tatu kwa ngazi zile za Mji Mkongwe mnazozijua, mgongo mpaka leo.

Sasa tatizo. Vitu vyake ni vya volti 120 kwa hivyo nkanunua transfoma ya kushushia umeme, nkawasha, nkaweka Kind of Blue ya Miles Davis. Miles anapiga kama ana homa. Kila kitu kizito kizito, kinakwenda polepole, saksafoni ya Coltrane imekuwa honi ya meli inaingia bandarini. Nkasema sindano hiyo imekwisha, nkamuagiza mtu Dubai kichwa kipya na sindano yake, Audio-Technica VM95E, karibu laki mbili. Vilevile. Nkasema mkanda umelegea, nkanunua mkanda. Vilevile. Nkanunua waya minene ya spika, hapo mke wangu akaacha kusema na mimi siku mbili. Vilevile!!

Na juu ya hayo kuna mvumo nyuma mmmmmm hausiti, watoto wakipita sindano inaruka, na makava yameanza kuota ukungu. Sasa nambieni nibadilishe nini, amplifaya? spika? Nna kama laki tano za kuchezea, zikesha zimekwisha.

Mchambawima_Boy
Uza vyote nunua spika ya bluetooth. Kwa laki tano unapata inayotikisa mtaa mzima

Hurumzi_Juu
Ahsante ndugu yangu, mtaa huu ushatikiswa wa kutosha.

Kaskazi82
We umejuaje kama inakwenda polepole, isije ikawa masikio tu. Weka wimbo huohuo kwenye simu upime muda, halafu pima kwenye pleya.

Hurumzi_Juu
Haya nimepima. So What, wimbo wa kwanza wa Kind of Blue, kwenye simu ni dakika 9 na sekunde 22. Kwenye pleya nimeshika saa mara mbili nzima, dakika 11 na sekunde 14 hivi. Eh!

FundiWaMlandege
Basi kesi imekwisha, funga pochi usinunue kitu tena.

Chukua dakika 11 na sekunde 14 ugawe kwa 9 na sekunde 22, unapata 1.2. Sasa chukua 60 ugawe kwa 50. Unapata ngapi? 1.2 hiyohiyo. Ugonjwa wako si sindano wala mkanda, ugonjwa wako ni hezi, yaani mapigo ya umeme kwa kila sekunde.

Umeme wa Kanada na Marekani ni volti 120 na hezi 60. Wetu huku ni volti 230 na hezi 50. Transfoma uliyonunua inashusha volti tu, hezi haizigusi hata kidogo, zinaingia 50 zinatoka 50. Na pleya nyingi za zamani za mkanda mota yake inahesabu hezi, yaani inazunguka kwa kufuata pigo la umeme wenyewe, ukiipa pigo 50 badala ya 60 inatembea mwendo wa tano kwa sita. Sahani iliyotakiwa izunguke 33 na theluthi kwa dakika inazunguka 27.8. Hata ungeninginiza sindano ya almasi ya milioni tano Miles angebaki na homa yake.

Na usije ukajidai mjanja ukaweka swichi kwenye 45, hapo utapata 37.5 na Miles atakuwa kuku kafukuzwa.

KanuniNaUdi
Hii hesabu ya fundi inakubaliana na sikio. Mwendo wa tano kwa sita maana yake sauti imeshuka nusu sauti tatu hivi. Mie napiga kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarab), mtu akinishushia maqam (mpangilio wa sauti) kiasi hicho nasikia kutoka Forodhani mpaka Malindi, ndio maana So What yako inasikika kama watu wanasoma hitima.

Kichekesho ni kwamba santuri hiyohiyo upande wa kwanza una kasoro yake ya asili. Kikao cha kurikodi cha tarehe 2 Machi 1959 mashine ya tepu studio ilikuwa inazunguka polepole kidogo, kwa hivyo ukipiga kwa mwendo sawasawa nyimbo tatu za upande huo zinatoka juu kidogo kuliko walivyopiga wenyewe. Walikuja kuzirekebisha kwenye matoleo ya miaka ya tisini. Kwa hivyo yako imerekebishwa ikapitiliza.

Hurumzi_Juu
Wallahi nimecheka halafu nimekumbuka ile karibu laki mbili ya sindano sikucheka tena. Fundi sasa dawa?

FundiWaMlandege
Dawa ziko mbili.

Moja uiuze ununue ya mota iliyo chini ya sahani penyewe bila mkanda, kama Technics SL-1200 za tangu 1972, zile haziangalii hezi za ukutani, mwendo wake unasimamiwa na saketi zake wenyewe. Lakini bei yake leo utalia, na ukipata ya bei ndogo huku ujue imeshapiga harusi elfu.

Ya pili ndiyo niipendayo mie. Fungua sahani utaona juu ya mota kuna kipuli kidogo cha shaba chenye ngazi mbili, moja ya 33 moja ya 45. Mkanda unapita hapo. Ukikifanya kipana mara 1.2, mwendo unarudi pale pale. Kikiwa milimita 10 kifanye 12. Viwandani wenyewe walikuwa wakifanya hivyo, pleya ileile ikiuzwa Ulaya inatiwa puli nyengine. Uliza kwanza mtandaoni kama ya kampuni ya hezi 50 inapatikana, kama haipo ipeleke kwa mtu wa kukereza. Sisi tunakereza miguu ya vitanda tangu enzi za mababu, kipuli kitatushinda?

Mwambie mambo mawili tu. Tundu la katikati liwe katikati KWELI, likienda pembeni unywele mmoja piano yote itayumba kama ngalawa. Na uso wa puli usiwe bapa, uwe na tumbo kidogo katikati, ndilo linaloushika mkanda usitelemke.

Kaskazi82
Na mie nlikuwa na swali langu pembeni, samahani mwenye uzi. Nimechomeka pleya kwenye amplifaya mpya mlango wa AUX, inalia kama mbu kwenye kopo. Mbovu?

FundiWaMlandege
Si mbovu, umeingia mlango sio. Kichwa cha sumaku cha kawaida kinatoa milivolti 3 mpaka 5 tu, sidii inatoa volti 2. Halafu santuri haikukatwa vile unavyoisikia. Besi hupunguzwa ili mifereji isigongane na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mikwaruzo, amplifaya yenye mlango wa PHONO ndiyo inayoyageuza yote kurudi yalivyo. Kipimo hicho wanakiita RIAA, makampuni yalikubaliana nacho mwaka 1954. Amplifaya mpya nyingi hazina mlango huo, utanunua kiboksi chake kidogo ukitie katikati. Ya mjomba wa Hurumzi kwa kuwa ni ya zamani bila shaka mlango wa PHONO upo.

Hurumzi_Juu
Upo na ndimo nilimochomeka. Leo nimekipeleka kipuli. Fundi mwenyewe mtu mzima, kakigeuza geuza kama anaangalia jino, kanambia njoo Alhamisi. Nimemuuliza bei kanambia sisi tunakereza milango unaniletea kipete cha bibi harusi, bei utaona Alhamisi.

KanuniNaUdi
Ukisubiri Alhamisi hebu twambie kwenye boksi umo Mwandishi wa Herbie Hancock? Ya 1971.

Hurumzi_Juu
Umo. Ndo ulonifanya nilipende boksi zima, nilipoona jina nkadhani mjomba kachanganya na kitabu.

KanuniNaUdi
Basi we umebarikiwa. Bendi nzima walijipa majina ya Kiswahili. Hancock ndiye Mwandishi, Buster Williams wa besi ndiye Mchezaji, Billy Hart wa ngoma Jabali, Bennie Maupin ni Mwile (mie nasema walitaka mwili, wakaandika kwa masikio), Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na Julian Priester wa tromboni, shikilieni viti, ni PEPO MTOTO.

Fikirieni bendi moja ina pepo na ina mganga. Huku kwetu ngoma hiyo ingekesha siku saba na ubani wake. Na Henderson kweli alikuwa daktari wa hospitali aliyesomea, kwa hivyo jina lake halikwenda bure. Wimbo wa kwanza umo kwenye pigo la kuhesabu mpaka 15, usijaribu kupiga makofi utaaibika.

Ukipata wasaa tafuta na Uhuru Afrika ya Randy Weston, wamerikodi 1960, maneno ya Langston Hughes, mpangaji wa muziki bibi mmoja hodari wa tromboni Melba Liston, na mwanzo wake kuna Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anasoma shairi la uhuru kwa Kiswahili. Tanganyika wenyewe bado walikuwa chini ya Mngereza. Mie mara ya kwanza kuisikia nlisimama.

Na kwa watu wa taarab humu: Ahmed Abdul-Malik, huyu alikuwa mpiga besi wa Thelonious Monk, mwaka 1958 karikodi Jazz Sahara, udi kapiga mwenyewe, mna kanuni, mna fidla, mna darbuka, halafu Johnny Griffin anaingia na saksafoni. Wazee wa kilabu niliwawekea, mmoja kasema "huyu wa saksafoni kapotea njia lakini kapotea vizuri". Sijapata kusikia sifa ya jazi iliyo sawasawa zaidi ya hiyo.

BiMwana_Wete
Asalaam aleykum. Nawasoma tu wanangu, nami nna langu. Marehemu baba kaacha sanduku la santuri za zamani zile nzito nyeusi, kuna za Siti binti Saad za His Master's Voice na za Kimisri. Gramafoni lenyewe lishakufa. Mwanangu wa Hurumzi ukishatengeneza hiyo pleya yako nikikuletea utaweza kunipigia?

Hurumzi_Juu
Waaleykum salaam Bi Mwana, shikamoo. Kwa furaha kubwa, zilete tu.

FundiWaMlandege
SUBIRI!! Shikamoo Bi Mwana lakini kijana asizitie sindano yake santuri zile hata kwa bahati mbaya.

Siti kaenda Bombay kurikodi 1928, za wakati ule zote ni za mwendo wa 78, mifereji yake mipana mara tatu hivi kuliko ya santuri ndefu zilizokuja 1948. Sindano ya sasa itaanguka chini kabisa mferejini ikabiringika kama mtu katumbukia mtaroni, itasikika takataka na sindano itakufa. Bahati nzuri kichwa alichonunua kinakubali kubadilishwa sindano pekee, ipo ya 78 inaingia mwili uleule. Ila pleya yake naona ina 33 na 45 tu. Kuna watu wanarikodi kwa 45 halafu wanaikimbiza kwenye kompyuta mpaka 78, inafaa ila mie naona bora utafute pleya yenye 78 kamili.

Na jengine Bi Mwana, mtu asikwambie uzifute kwa spiriti. Hizo si plastiki, ni shelaki, spiriti inaziyeyusha. Maji safi kidogo na kitambaa laini, karatasi ya katikati isirowe, basi.

BiMwana_Wete
Kheri umesema maana chupa ya spiriti nishainunua.

Hurumzi_Juu
Na ukungu wa makava jamani? Masika haya nyumba yote inatoa jasho.

BiMwana_Wete
Hilo niulize mie mtu wa Pemba. Usiziweke chini wala ukutani moja kwa moja, ukuta wa chokaa unavuta maji. Zisimamishe, usizilaze moja juu ya nyengine zitapinda. Jua la kaskazi likitoka toa makava uyapeperushe kivulini, KIVULINI, santuri yenyewe ukiisahau kwenye jua la barazani utaikuta imekuwa kawa. Mama alikuwa akitia karafuu kwenye sanduku, wadudu hawasogei, lakini zifunge kitambaani zisiguse kava zitaacha mafuta.

Hurumzi_Juu
ALHAMISI. Kipuli kimetoka. Elfu thelathini na tano na maneno. Nimekivisha, mkanda, So What, saa mkononi: dakika 9 na sekunde 24. Sekunde mbili nimemsamehe, labda ni kidole changu. Besi ya Paul Chambers pale mwanzo imenyanyuka kama mtu kaamka usingizini, mke wangu katoka jikoni kauliza umenunua nini tena? Nikamwambia kipete.

Lakini mvumo uko palepale na ghorofa inatikisika palepale.

FundiWaMlandege
Mvumo: nyuma ya pleya pamoja na waya mbili za sauti kuna mwembamba wa tatu, mara nyingi una umbo la uma. Uko wapi?

Hurumzi_Juu
Upo unaning'inia tu, nlidhani umekatika kitu.

FundiWaMlandege
Yarabbi. Nyuma ya amplifaya kuna skrubu imeandikwa GND. Ufunge hapo. Halafu sogeza transfoma yako mbali na kichwa cha pleya, kile kichwa kinanusa sumaku kama paka na samaki.

Na picha uloweka jana nimeikuza. Ile juu ya kichwa ni SHILINGI??

Hurumzi_Juu
Ya Kanada. Ilikuja nayo, nlidhani kifaa. Mvumo UMEKUFA fundi, umekufa kabisa, nlikaa dakika nzima nasikiliza kimya.

FundiWaMlandege
Itoe sasa hivi. Watu huiweka sindano isiruke, inakula santuri kama msumeno. Sindano yako inataka gramu 2, pima, usikisie. Kizito cha nyuma ya mkono ndicho cha kuzungusha. Kama huna kimizani nenda kwa sonara yeyote unayemjua, vimizani vyao vidogo vya dhahabu vinasoma vizuri, mwambie akuazime dakika kumi.

Hurumzi_Juu
Sonara kacheka. Kasema watu wanamletea bangili. Ilikuwa gramu 6 na nukta. SITA. Maskini Coltrane.

Kaskazi82
Sasa kuruka kwa sindano, hiyo sio pleya, ni nyumba. Na mie nakaa Kiponda najua. Sakafu zetu ni boriti na mawe na chokaa, mtoto akikimbia chumba kizima kinachezacheza kama chanja. Meza nzito haisaidii, meza nayo imekaa juu ya boriti zilezile. Ukuta ndio hautikisiki, ule ni mawe nusu mita na zaidi. Lakini usitoboe, chokaa ya zamani ukiipiga drili inamwagika kama unga. Huna daka, kile kishubaka cha ndani ya ukuta?

Hurumzi_Juu
Ninalo kubwa kati ya vidaka vya bibi, limejaa birika na picha za harusi za watu.

Kaskazi82
Ndo hapo.

Hurumzi_Juu
Mazungumzo na mke wangu yamechukua siku nne. Birika limehama, picha zimebaki upande. Nimetia kipande cha jiwe la sakafu chini, nimekaza na vijiti mpaka pima maji imetulia katikati pande zote mbili, pleya juu, inaingia kama ilichongewa. Nikamwita mtoto mdogo nikamwambia ruka. Karuka. Kaita wenzake wakaruka. Blakey anaendelea kupiga ngoma hana habari.

Na spika nimezitoa pembeni nimeziweka ukuta mfupi, maana chumba chenyewe chembamba mita mbili na nusu kama vyumba vyote vya boriti, nimekaa kwenye magodoro mwisho kabisa. Mikeka chini, pazia nzito dirishani. Kwa mara ya kwanza nasikia Bill Evans wa piano ANAKAA mahali pake na saksafoni zimesimama mahali pake, nlikuwa sijui kama santuri inafanya hivyo.

Laki tano bado laki nne na kitu. Nimebaki nazo sijui nizifanye nini.

Mchambawima_Boy
Bluetooth

KanuniNaUdi
Nunua santuri.

BiMwana_Wete
Mwanangu nimekusoma yote, mashallah. Mie nakuja Unguja wiki ijayo kutibiwa macho, nataka nilete sanduku hata kama hutoweza kupiga, fundi aziangalie. Nizilaze melini?

FundiWaMlandege
Zisimame Bi Mwana, nguo katikati yake zisigongane, na usiziache juu sitahani. Zile hazipindi, zinavunjika kama sahani ya udongo. Kuna mtu Jang'ombe nimemkumbuka ana pleya ya 78 nzima, kesho ntampitia nimuulize.

BiMwana_Wete
Sanduku zito, mie peke yangu. Nani atanipokea bandarini?

Hurumzi_Juu
Mie. Nambie siku tu ntakuja na mkokoteni, ila ngazi zangu unazijua Bi Mwana, sanduku litabaki kwa fundi chini.